Virudisheni Vitufe: Skrini za Kugusa na Usalama wa Dereva

Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilishindanisha magari mapya 11 na Volvo V70 ya mwaka 2005. Kazi zilikuwa za kawaida kabisa: kuongeza joto ndani ya gari, kuwasha redio na kutafuta stesheni, kurudisha kipima safari kwenye sifuri, kupunguza mwanga wa dashibodi. Madereva walipewa muda wa kuyazoea magari, kisha wakaendesha kwa kilomita 110 kwa saa. Volvo ile kuukuu, yenye vitufe na swichi za kuzungusha, ilimaliza yote kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda meta 306. MG Marvel R, yenye skrini ya kugusa, ilichukua sekunde 44.9. Kwa muda huo ilikuwa imekwishapita meta 1,372, huku macho ya dereva yakihama barabarani tena na tena.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Swichi ina umbo. Kidole huipapasa, huitambua na kuizungusha, na macho hubaki mbele. Kioo ni bapa kote. Hakuna namna ya kujua ilipo alama ya feni bila kuitazama, na mara nyingi ni lazima kwanza kufungua ukurasa mmoja, kisha wa pili. Gari likirushwa na tuta, kidole hugusa pasipohusika.

Machi 2019, nchini Ujerumani, dereva wa Tesla alikuwa barabarani kwenye mvua kubwa. Ili kubadili kasi ya waipa ilimbidi aitafute kwenye skrini. Gari likaacha njia, likagonga kibao cha barabarani na miti. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Karlsruhe iliamua kwamba skrini hiyo, ingawa imefungwa kiwandani, ni kifaa cha kielektroniki kinachobanwa na sheria ya barabarani kama vingine. Dereva alitozwa faini ya euro 200 na kufungiwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Sheria ilifuatwa, lakini haki haikukamilika: aliyeificha waipa ndani ya menyu hakuulizwa chochote.

Kwa watengenezaji, skrini moja ni nafuu kuliko kubuni swichi nyingi na kuzivutia nyaya kila moja. Nafuu hiyo hulipwa baadaye na mwenye gari. Swichi ya feni ikiharibika, inaharibika peke yake. Skrini ikizimika, inaondoka na kila kilichomo. Mwaka 2021 Tesla ilirudisha gereji takriban magari 135,000 ya Model S na Model X nchini Marekani, kwa sababu chipu ya kumbukumbu ya skrini ilikuwa inachakaa. Ilipokufa, kamera ya nyuma ilizimika na dereva akakosa pa kuwashia kifaa cha kuondoa ukungu kwenye kioo.

Afrika Mashariki ina sababu ya kujali zaidi. Magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, na kila fundi wa umeme anaijua kazi ya redio zake: menyu za Kijapani, masafa ya FM yasiyofika 108, namba ya siri inayodaiwa pindi betri inapofunguliwa. Zamani hasara iliishia kwenye muziki. Leo kiyoyozi na kamera vimo ndani ya kioo hichohicho. Kenya hairuhusu mtumba uliopita miaka 8, kwa hiyo kizazi cha magari ya skrini ndicho kinachoshuka sasa bandarini Mombasa.

Ulaya imeanza kurekebisha. Kuanzia Januari 2026, taasisi ya kupima usalama wa magari, Euro NCAP, haitoi alama kamili kwa gari lisilo na vidhibiti vya kushikika vya indiketa, taa za hazadi, honi, waipa na wito wa dharura. Volkswagen nayo imetangaza kurudisha vitufe kwa kazi za msingi.

Mamlaka zetu za viwango ziandike sharti kama hilo katika ukaguzi wa magari yanayoingia. Na mnunuzi, kabla hajalipa, akae kwenye kiti cha dereva, afumbe macho, ajaribu kuwasha waipa na hazadi. Akishindwa, atafute gari jingine.