Kishikwambi Bila Bando: Njia ya Mwanafunzi Kujisomea Kibirizi

Mtu anayetaka bongo fleva mpya au filamu iliyotafsiriwa hahitaji bando. Hupeleka memori kadi kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, akalipa pesa kidogo, akaondoka na burudani ya wiki nzima. Mada hii ya warsha inauliza kwa nini masomo yasipite njia hiyo hiyo kuwafikia watoto wa Kibirizi, eneo la wavuvi wa dagaa.

Kwamba inawezekana, Tanga ilishaonyesha. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huo, kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia darasani, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Programu zilikuwa za Kiswahili, umeme ulitoka juani, mwalimu hakuwepo. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu.

Nusu ni nyingi. Lakini nusu nyingine ilibaki palepale, na hilo lisifichwe.

Kuhusu nusu hiyo iliyobaki, kuna funzo la zamani: mwaka 1973 kampeni ya elimu ya afya nchini, Mtu ni Afya, ilitumia chombo cha kubebeka cha wakati ule, redio, ikawafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Haikuiachia redio kazi yote. Wasikilizaji walikaa kwa vikundi, wakiwa na kijitabu na kiongozi wa kuanzisha mjadala, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Anayejisomea naye anahitaji mtu wa kumuuliza kesho yake: umeelewa nini?

Kibirizi ina sababu yake ya pekee. Ni eneo la mwalo, na uvuvi wa dagaa hufuata giza la mwezi. Mtoto anayebaki kusaidia kuanika dagaa hukosa vipindi ambavyo hakuna anayevirudia kwa ajili yake. Somo lililohifadhiwa kwenye kifaa humsubiri. Chaji nayo si muujiza: wavuvi walioacha karabai na kushika taa za sola wanajua betri na paneli kuliko wengi wetu.

Hofu ya wazazi na walimu kuhusu simu shuleni ni ya haki. Ndiyo maana pendekezo hili si la simu kwa kila mtoto. Ni la vishikwambi vichache visivyo na laini, mali ya shule, vinavyoazimwa kwa daftari kama vitabu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu, hivyo wa kuandaa masomo wapo. Maudhui nayo yapo: hadithi za Kiswahili za tovuti ya African Storybook hupakuliwa bure, na programu za washindani watano wa fainali ya Tanga ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Warsha hii iteue shule moja, darasa la tatu, muhula mmoja. Kila mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti siku ya kwanza na siku ya mwisho, na matokeo yaletwe mbele ya wazazi kabla ya kuombwa shilingi ya kununua kifaa kingine.