Sisi na Wao: Mada kwa Kamati za Parokia



Tunaanza na kosa letu. Tulipogawa mbuzi katika vigango viwili tuligawa na fulana: bluu kwa kikundi kimoja, njano kwa kingine. Nia yetu ilikuwa picha za taarifa zipendeze, basi. Miezi michache baadaye, kwenye kikao cha kisima, watu waliokua pamoja tangu utoto waliketi bluu huku, njano kule. Tulipopendekeza kisima kichimbwe katikati, wengine walisema afadhali kisichimbwe kabisa kuliko wale wenzao wafaidi.

Jambo hili limekwisha kuchunguzwa. Henri Tajfel alizaliwa Poland mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa Ufaransa, akatekwa na Wajerumani. Alipona kwa kuwa walimhesabu kuwa mateka Mfaransa. Nyumbani, karibu jamaa zake wote waliuawa. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuambiwa jina la kundi lina uzito gani.

Baadaye, akiwa Bristol, Uingereza, yeye na wenzake waliwachukua wavulana wa miaka 14 na 15 waliofahamiana vizuri. Waliwaambia kwamba wamegawanywa kufuatana na walivyokisia idadi ya nukta. Kwa kweli waligawanywa ovyo tu. Kisha kila mmoja akapewa kazi ya kuwagawia wengine fedha kidogo, bila kujipa mwenyewe. Katika jedwali moja aliweza kumpa mwenzake wa kundi lake 19, lakini yule wa kundi la pili angepata 25. Au ampe wa kwake 7, yule apate 1. Mvuto wa kuwapita wale wengine ulikuwa na nguvu, hata pale ambapo kundi lake lingepata hasara. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Mwaka 1979 Tajfel na John Turner walieleza sababu: sehemu ya heshima ambayo mtu anajipa hutoka katika kundi lake, na kundi hujipima kwa jirani.

Hapo tukamkumbuka mama mmoja. Alipoombwa ajitambulishe, hakutaja jina wala ukoo. Alisema, "Mimi ni mlengwa wa mbuzi." Ukumbi ulicheka. Sisi tuliona aibu, maana neno hilo tulilileta sisi, kwenye fomu zetu.

Fulana tumeziacha. Fomu mpya zinaanza na jina la mtu na kazi anayoijua, ndipo shida yake. Kamati ya kisima sasa ina wajumbe kutoka vigango vyote viwili, na mweka hazina alichaguliwa na wote. Wafadhili wetu, mtatuwia radhi kwa picha za robo hii, hazina rangi.

Kisima bado hakijachimbwa. Kikao kijacho ni baada ya mavuno.