Mto Rufiji na Wenyeji Wake: Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi, Kawe



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya safari iliyokusudiwa kuwa sehemu ya sherehe hii, yaani safari ya kwenda Rufiji kutembea mtoni kwa mashua. Twajua wako wanachama walionung'unika, wakiuliza fedha ya wakulima yahusianaje na kutazama viboko. Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu kabla ya kura kupigwa.

Kutoka hapa Kawe njia hupita Mbagala, Mkuranga na Kibiti, kisha huelekea Mloka, kijiji kilicho jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 2019 kutoka katika Pori la Akiba la Selous. Wageni huingia mashuani pamoja na nahodha na kiongozi, wakaona mamba, nyati, ndege wa kila rangi, na tembo washukao kunywa maji. Kiboko hushinda majini mchana, na usiku hupanda nchi kavu kula majani. Kwa hiyo nahodha hodari hujihadhari asimzibie njia kiboko aliye ukingoni, kwa kuwa akishtuka hukimbilia maji yenye kina. Tena mafungu ya mchanga huhama kila mafuriko yapitapo, hata njia ya mwaka jana haiaminiki. Elimu hiyo huipata mtu aliyeishi na mto.

Historia ya nchi ile nayo yatuhusu sana sisi wakulima. Mwaka 1905 serikali ya Wajerumani ilikuwa ikiwalazimisha watu kulima pamba. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya dawa, akawaunganisha. Mwezi wa Julai Wamatumbi wakaing'oa pamba kule Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Dawa haikuzuia risasi, lakini makabila yaliyokuwa mbalimbali yalisimama pamoja.

Huko chini, mto ugawanyikapo katika mikoko kabla ya kuingia baharini, ndiko ilikojificha manowari Königsberg baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa, ikaburutwa na Waafrika wengi kwa kamba, ikapigana nchi kavu. Mmoja waonekana mpaka leo Mombasa, penye Ngome ya Yesu. Majina ya makapteni twayasoma vitabuni. Ya wale walioshika kamba hatuyaoni. Ni nani atakayewasimulia wageni habari zao, asipokuwa mwenyeji?

Hapa ndipo penye neno letu. Mkulima wa Rufiji hulima mlau, yaani ardhi iliyoachwa na maji, naye hukesha juu ya dungu akilinda mazao. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Mtu huyo akiliwa mpunga wake na kiboko, kisha akaona wageni wanalipa kumtazama kiboko yule yule, na yeye hapati hata senti, atakuwa na sababu gani ya kumpenda mnyama? Wenyeji wa Ngarambe na Tapika wameliona jambo hilo: wametenga sehemu ya ardhi yao kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ili pato la wanyama liingie pia vijijini. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa mashua si yake, kiongozi si wake, wala hadithi haisimuliwi naye.

Sisi twaijua habari hiyo. Tuliunda Muungano huu kwa sababu tulichoka kulima na kuwaachia wengine mizani na bei.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, kiingilio cha hifadhi kilipwe kama sheria itakavyo, lakini mashua na kiongozi tuvipate kwa wenyeji wa Mloka. Pili, siku moja nzima tukae na wakulima wa huko, tuulize wanagawanaje mapato na nani hushika daftari. Tatu, stakabadhi zote zisomwe mbele ya Mkutano Mkuu.

Nasi Kawe tunayo bahari, na tunayo habari ya kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, ambacho vijana wetu wanakijua kwa jina la uwanja tu. Tukirudi kutoka Rufiji, huenda tukajua namna ya kumpokea mgeni hapa kwetu na kumsimulia wenyewe.

Kura ni yenu, ndugu wanachama.