Ukungu Ulikuwa Wapi?

Leo tunataka kuwasimulia habari ya gari kuukuu la baba yetu, na vile vipande vya plastiki vinavyobandikwa juu ya madirisha ili mtu aweze kushusha kioo kidogo wakati wa mvua asilowe. Wengine huviita vaiza.

Vaiza za Baba zilikuwa zimefifia. Zamani zilikuwa na rangi ya moshi tu, nawe ungeweza kuona mti kupitia hapo. Sasa zilikuwa nyeupe kama dirisha la jikoni lenye mvuke. Kila Jumapili tulipotoka kanisani Baba alilalamika. "Hii ya upande wangu inanifichia kioo cha pembeni," alisema, "na usiku taa za magari yanayokuja zinatawanyika." Neno hilo la taa hatukulitilia maanani. Lakini jioni moja nusura amgonge mtu wa baiskeli, nasi tukaogopa sana, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akiwapeleka wajukuu shuleni.

Basi Jumamosi moja tulishika kazi. Kwanza tulizimwagia maji tu, na hilo nawe ulifanye kabla ya kununua chochote. Plastiki ikilowa ikaonekana safi, ugonjwa uko juu ya ngozi yake: ni mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, na maji huijaza kwa kitambo. Ikilowa na ukungu ukabaki, au ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ugonjwa umeingia ndani, wala msasa hautaufikia. Zetu zilikuwa za namna ya kwanza. Na mikwaruzo ile, tuseme kweli, tuliitia sisi wenyewe. Miaka mingi tulipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, na mchanga ni mgumu kuliko plastiki. (Wapo wanaopaka mafuta ili zing'ae siku ya kuuza gari. Mvua ya kwanza huwaumbua.)

Tuliziosha kwa sabuni, gari likiwa kivulini, tukabandika karatasi ya gundi pembeni ili tusiharibu rangi ya gari. Kisha tukatumia msasa wa maji, namba 1500, halafu 2000, halafu 3000, tukilowesha kila mara. Petroli na thina tuliziweka mbali, maana plastiki ya akriliki ikiguswa nazo huweza kufanya nyufa. Msasa wa kwanza uliziacha nyeupe kuliko mwanzo, hata mmoja wetu akataka kuacha. Tukaendelea. Mwishoni tulisugua kwa dawa ya kung'arishia rangi ya gari na fulana kuukuu ya pamba, mpaka mikono ikauma. Saa kumi jioni tuliweza kuhesabu majani ya mparachichi kupitia vaiza.

Tukamwita Baba. Akaketi penye usukani, akatazama kwa muda mrefu.

"Asanteni, wanangu," akasema. "Lakini ukungu bado upo."

Tulisikia uchungu. Tukanong'onezana kwamba wazee hawaridhiki. Mama ndiye aliyemwambia afunike jicho la kushoto kwa kiganja, atazame mparachichi kwa la kulia. Baba akanyamaza. Kisha akauliza, "Mparachichi gani?"

Kumbe! Hospitalini tuliambiwa ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho imeingia ukungu, wala hakuna dawa ya matone ya kuusafisha; huondolewa kwa operesheni, na mahali pake huwekwa lenzi ya kutengenezwa. Na lenzi hiyo ina historia ya ajabu. Katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa Uingereza waliingiwa machoni na vipande vya akriliki vya madirisha ya ndege zao. Daktari Harold Ridley alitambua kwamba jicho liliweza kuvumilia vipande vile. Novemba 1949, huko London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Lenzi nyingi za siku hizi ni laini na hukunjwa ili zipite katika tundu dogo, lakini nyingi zingali ni akriliki, jamaa ya vaiza tulizokuwa tukisugua.

Baba alitukabidhi ufunguo wa gari bila ubishi, jambo ambalo hatukulitazamia. Usiku wa kuamkia operesheni tuliomba pamoja naye. Sauti yake ilitetemeka. Jicho la kulia lilitengenezwa kwanza. Kesho yake kitambaa kilipoondolewa tulimwongoza mpaka nje, penye gari. Akasimama karibu na mlango wa dereva, akainama.

"Zimetakata," akasema. Kisha akaweka kidole kwenye pembe ya nyuma. "Lakini hapa mmeacha alama ya msasa."