Mguu Ulionywea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tudor, Mombasa)



Nitasema machache juu ya miguu ya bandia. Mtu asidhani haya si mambo ya chama. Kazi yetu ni ya magurudumu, na gurudumu halichagui mguu wa nani.

Yuko mwenzetu hapa Tudor aliyeumia akifunga mabehewa, akakatwa mguu chini ya goti. Akapewa mguu wa plastiki. Siku ya nne kigutu kikafanya kidonda, naye akarudia magongo. Watu wakanena, "Mvivu huyu, hataki kuzoea." Nikaenda naye kwa fundi mwingine. Akapima kikombe, yaani pale panapoingia kigutu, akasema, "Huyu hana kosa. Plastiki imenywea."

Sisi wa karakana twaijua habari hii. Gurudumu la gari la moshi la zamani lilivishwa pete ya chuma. Pete ilitiwa moto ikatanuka, ikavishwa, na ilipopoa ikanywea ikashika. Lakini kunywea kunakofaa gurudumu huumiza nyama ya mtu.

Plastiki itumikayo sana ni polipropilini. Hutiwa katika tanuri ya joto la kama digrii 180, kisha huvikwa juu ya kalibu ya plasta yenye umbo la kigutu, na pampu hufyonza hewa ili ishike vizuri. Ikipoa hunywea kama sehemu 1 hadi 2 katika 100. Fanyeni hesabu: kikombe chenye mzingo wa sentimeta 30, kikinywea sehemu 1½ katika 100, kimepungua milimeta 4½. Kwa macho ni kidogo. Kwa mfupa ni kingi.

Fundi alinieleza njia ya kuzuia. Plastiki isivutwe kwa nguvu ingali moto, maana itakuwa nene huku na nyembamba kule, nayo itanywea kombo. Pampu isizimwe mpaka ipoe. Ipoe yenyewe, ikae juu ya kalibu usiku kucha, kwani kalibu ngumu huizuia isijikaze. Kingo zikatwe ikiwa baridi kabisa. Mwisho, kikombe kipimwe tena kabla mwenye mguu hajaitwa. Kazi hii si ya kubahatisha. Kule Moshi, Tanzania, kuna chuo chake tangu 1981.

Kikombe cha pili tulikilipia kwa mchango wetu, kwa sababu hatukuijua sheria. Ndugu zangu, Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya mafao ya walioumia kazini humtaka mwajiri alipe mguu wa bandia, na pia kuutunza, kuutengeneza na kuubadilisha. Na kubadilisha ni lazima, maana kigutu chenyewe nacho hupungua kadiri miezi inavyopita.

Basi ukimwona mwenzio ameuacha mguu chini ya kitanda, usimcheke. Muulize unambana wapi, kisha mlete ofisini kwetu na karatasi zake.