Fremu ya Tano na Fremu Namba Tano: Kiswahili katika Kufasili Uhuishaji wa Michezo ya Kompyuta

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umeelemea mno upande wa uundaji wa istilahi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kikwazo kikubwa zaidi ni fasili, na hasa namna ya kuhesabu.

Neno fremu ni mfano mzuri. Mjini Nansio, kama kwingineko Tanzania, fremu ni kiunzi cha mlango au cha picha. Pia ni chumba cha duka katika jengo lenye vyumba vilivyopangwa kwa mstari. Maana hii ya mwisho inamfaa mtunzi wa michezo ya kompyuta. Katika uhuishaji, picha zote za mhusika mmoja huwekwa katika faili moja, liitwalo karatasi ya spraiti, na kila picha hukaa katika chumba chake. Fremu hufasiliwa kwa namba nne: umbali wake kutoka ukingo wa kushoto, umbali kutoka ukingo wa juu, upana na kimo. Kisha huongezwa muda wa kuonyeshwa.

Tuseme mchezo unamwonyesha mvuvi wa Ukerewe akipiga kasia. Pigo moja lina picha nane, katika safu wima nne na safu mlalo mbili, kila picha ikiwa na pikseli 64 kwa 64. Kila moja ikionyeshwa kwa milisekunde 100, pigo hukamilika kwa sekunde 0.8.

Hapa ndipo lugha inapodai umakini. Katika lugha nyingi za programu, hesabu huanzia sifuri. Kwa hiyo fremu ya tano ni fremu namba 4: iko mwanzo wa safu mlalo ya pili, pikseli 0 kutoka kushoto na 64 kutoka juu. Mwanafunzi akiandika 5, ataipata picha inayofuata. Akiandika 8 kwa fremu ya nane, kompyuta itatafuta nje ya karatasi, na mvuvi atatoweka mtumbwini.

Kiswahili hutenganisha dhana hizi kwa a-unganifu tu. Ukiacha kwanza na pili, shina ni lilelile katika "ya tano" na "namba tano". Ndiyo maana kosa hujificha. Kwa mwanafunzi wa sekondari, anayefundishwa sayansi kwa Kiingereza na kuijadili na wenzake kwa Kiswahili, upungufu huo wa fasili huweza kudhaniwa kuwa udhaifu wa akili.

Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili si mgeni wa hesabu ya aina hii. Saa moja asubuhi si mwanzo wa mchana. Ni wakati ambapo saa moja imekwisha kupita tangu mchana uanze. Namba ya fremu hueleza vivyo hivyo: ni fremu ngapi zimetangulia. Ya kwanza haikutanguliwa na yoyote. Namba yake ni 0.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980. Aliyeijua kazi ndiye aliyeivusha. Elimu ya kompyuta nayo haitavushwa na orodha za istilahi pekee, bali na wale wanaoijua, watakapoieleza kwa sentensi kamili za Kiswahili.