Shimo Lisilofunikwa



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, mna sheria ndogo ambayo ni nadra kuhubiriwa. Mtu akichimba shimo na kuliacha wazi, kisha ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia humo, mwenye shimo atalipa. Hakumsukuma mnyama, wala hakumtakia mabaya. Kosa lake ni kwamba alijua, na hakufunika.

Sheria hiyo yatuhusu katika mashamba yetu ya Masisi na Rutshuru. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji zilivunjwa, na familia nyingi zikarudi vijijini kushika jembe. Zilikuta nyasi zimeota juu ya mahandaki, na katika nyasi hizo hulala makombora yasiyolipuka na maguruneti. Bomu la kutegwa ardhini ni baya zaidi: shimo la nyakati za Musa lilionekana kwa macho, bali hili hufunikwa makusudi ili asiyejua alikanyage.

Tena halisikii tangazo la amani. Ndugu zetu wa Msumbiji walitia saini mapatano huko Roma tarehe 4 Oktoba 1992, wakisaidiwa na Jumuiya ya Sant'Egidio na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira. Nchi yao ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu hayo mwaka 2015, baada ya kupekua udongo kwa miaka mingi, hata kwa pua za panya buku waliofunzwa Morogoro, Tanzania.

Yatupasa kukiri kosa letu. Katika kigango kimoja, kengele ya kanisa ilikuwa ganda la kombora lililotundikwa mtini. Tuliigonga, tukaisifu sauti yake. Siku moja tulimkuta mtoto wa miaka kama tisa akigonga kwa jiwe chuma cha namna hiyo kilicholala kando ya kijito. Tulipomwuliza anafanya nini, alijibu, “Padri, ninaita watu Misa.” Tulimsihi kwa upole aache jiwe, aje kwetu kwa njia ile ile aliyoipita. Mungu alituhurumia.

Kwa hiyo, mwenye kuona kitu cha namna hiyo asimame. Asikiguse, asikirushie jiwe, asichome nyasi karibu nacho. Arudi akikanyaga nyayo zake mwenyewe, akawaonye wengine. Mawe yaliyopakwa rangi nyekundu na vibao vyenye fuvu visiondolewe, hata kama jiwe lafaa kuwa figa na kibao chafaa kuwa kuni. Na jirani akilipukiwa, tusimkimbilie ovyo, bali tuwaite wenye ujuzi wa kumfikia. Ni neno gumu kwetu tuliolelewa na mfano wa Msamaria Mwema. Lakini njia ya Yeriko haikuwa na bomu la pili.

Wapo wanaojua na kunyamaza. Mmoja alitueleza bila kuficha: akisema ameona bomu, ataulizwa alijuaje, na ni la nani. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana katika nchi yenye bunduki nyingi swali lenyewe laweza kuua. Basi na amwambie katekista wake. Katekista atuletee habari za mahali tu, pasipo jina la mtu, nasi tutazifikisha kwa mafundi wa kutegua. Atakayeulizwa alijuaje ni padri.

Makatekista wapendwa, Dominika ijayo, kabla ya matangazo ya ndoa, waulizeni waamini ni njia zipi za kwenda shambani na mtoni ambazo wao wenyewe wameacha kuzipita, na kwa nini. Waulizeni na watoto. Wao huzunguka kuliko sisi. Ile kengele tumekwisha kuishusha. Kigango sasa huitwa kwa ngoma.